Enoch Sontonga na Wimbo wa Mapigo Manne

Kwa miaka mingi meli iitwayo Liemba ilikuwa ikisafiri kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, ikilipita Ziwa Tanganyika kwa sehemu kubwa ya urefu wake, ambao ni kama kilometa 670. Abiria aliyepandia Kigoma aliteremka katika nchi nyingine, yenye fedha nyingine, sheria nyingine na lugha nyingine. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuliacha nyuma gatini, na jambo hilo lipo hata leo. Mtoto wa shule wa Kigoma asimamapo mbele ya bendera ya Tanzania, na mtoto wa Mpulungu asimamapo mbele ya bendera ya Zambia, wote wawili huimba kwa sauti zilizotoka katika chemchemi moja. Maneno ni mbalimbali, tuni ni moja, na mapigo ni yale yale, manne kwa manne.

Aliyeitunga tuni hiyo hakuliona ziwa letu hata siku moja. Hakuwa waziri wala jemadari, wala hakusoma katika chuo kikuu. Alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misioni huko Afrika ya Kusini, akafariki akiwa na umri wa miaka 32. Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga. Wengi wetu twaimba kazi yake tangu utoto bila kulijua jina hilo, basi yafaa tuyatazame maisha yake. Tena yafaa tujifunze kwake jambo ambalo kwaya zetu nyingi hulipuuza, nalo ni kuusoma wakati ulioandikwa katika muziki.

Sontonga alizaliwa mnamo mwaka 1873 katika mji wa Uitenhage, upande wa mashariki wa jimbo lililoitwa Cape. Alikuwa mtu wa kabila la Waxhosa, wa ukoo wa Mpinga. Alipata mafunzo ya ualimu katika chuo cha Lovedale, kilichokuwa mashuhuri kuliko vyote kwa kuwaelimisha Waafrika wa sehemu zile. Katika vyuo vya namna hiyo mwanafunzi hakufundishwa kusoma vitabu tu, bali alifundishwa pia kusoma nyimbo, maana mwalimu wa shule ndiye aliyetazamiwa kuongoza kwaya.

Namna ya kuandika nyimbo iliyofundishwa huko ni ile tuijuayo kwa jina la solfa. Asili yake ni kazi ya mwalimu wa kike wa Norwich, Uingereza, jina lake Sarah Glover, na baadaye mchungaji John Curwen aliitengeneza vizuri zaidi na kuieneza. Curwen alitaka watu maskini, wasio na kinanda nyumbani wala fedha za kulipia mwalimu, waweze kuimba kwa kusoma. Kwa sababu hiyo solfa haihitaji mistari mitano wala nota zenye vichwa na mikia. Huandikwa kwa herufi na nukta tu. Yaweza kuchapwa na mtambo wowote wa kuchapia, yaweza kuandikwa ubaoni kwa chokaa, au katika daftari kwa penseli. Ndiyo maana ilienea upesi katika misioni za Afrika, na mpaka leo walimu wengi wa kwaya katika nchi yetu huitumia.

Hapa yatupasa tusimame kidogo tuulize swali: wakati huandikwaje katika muziki? Kuandika urefu na ufupi wa sauti ni kazi ngumu kuliko kuandika kupanda na kushuka kwake. Hata hivyo watu wa mwambao wa Ujiji na Kigoma hawatashindwa kulielewa jambo hili, maana wanalijua kwa mikono yao. Mtumbwi wenye watu wengi hauwezi kwenda ikiwa kila mtu atalichovya kafi lake kwa wakati apendao mwenyewe. Makafi yatagongana, na mtumbwi utayumba. Lazima pawepo mmoja wa kuanza kuimba, na wengine wamwitikie, ili makafi yote yaingie majini kwa pamoja. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji mwezi wa Februari 1858, aliandika habari za kuimba kwao, na ni dhahiri kwamba hakupendezwa nako hata kidogo. Aliona ni kelele tu. Hakutambua kwamba kelele ile ilikuwa saa ya chombo alichosafiria.

Basi kafi liingiapo majini, hilo ni pigo. Mapigo hayalingani kwa uzito. Liko pigo zito, ambalo watu wote hulikazia nguvu, na baada yake huja mapigo mepesi, mpaka lile zito lirudi tena. Kutoka pigo zito moja hata kufikia pigo zito jingine, hapo ndipo penye kipimo kimoja. Katika maandishi ya muziki vipimo hutengwa kwa mistari ya wima. Mstari huo haumwambii mwimbaji anyamaze wala apumue. Humwonyesha tu kwamba pigo linalofuata ndilo zito.

Katika nota za mistari mitano, mwanzoni mwa wimbo huandikwa tarakimu mbili, moja juu ya nyingine. Tarakimu ya juu hutaja mapigo yaliyomo katika kila kipimo, nayo ya chini hutaja ni nota ya namna gani inayopewa pigo moja. Nne ikiwa chini, maana yake ni nota ya robo. Mbili ikiwa chini ni nota ya nusu. Nane ikiwa chini ni nota ya thumni. Basi 4/4 ni mapigo manne ya robo katika kila kipimo, na 3/4 ni mapigo matatu ya robo. Wengi huziona tarakimu hizi wakadhani ni hesabu ya sehemu, kana kwamba 3/4 ni robo tatu ya kitu fulani. Sivyo. Wengine hudhani kwamba zinatangaza mwendo wa haraka au wa polepole. Hilo nalo silo. Wimbo wa 4/4 waweza kwenda pole kama maandamano ya maziko, au kwa haraka kama askari wakipita uwanjani. Tarakimu hueleza jinsi mapigo yalivyofungwa katika mafungu, na habari za haraka au polepole hupewa kwa maneno au alama nyingine.

Mara nyingine mahali pa 4/4 mtu ataona alama inayofanana na herufi C. Hiyo si herufi, bali ni mabaki ya duara lililokatwa. Katika karne ya 14 wanamuziki wa Ufaransa, mmojawapo Philippe de Vitry aliyekuja kuwa Askofu wa Meaux mwaka 1351, walitengeneza namna mpya ya kuandika wakati. Katika namna hiyo kipimo cha tatu kiliitwa kikamilifu, na wataalamu wa zamani walikihusisha na Utatu Mtakatifu. Alama yake ilikuwa duara zima lisilo na mwanzo wala mwisho. Kipimo cha mbili kiliitwa pungufu, na alama yake ikawa duara lililo wazi upande mmoja. Duara zima limekwisha kusahauliwa, lakini lile lililokatwa lingali nasi katika vitabu vya nyimbo.

Solfa haina tarakimu hizo. Mbele ya pigo zito huwekwa mstari mrefu wa wima. Mbele ya pigo jepesi huwekwa nukta mbili. Na katika wimbo wa mapigo manne, mbele ya pigo la tatu, ambalo lina uzito wa kadiri, huwekwa mstari mfupi. Pigo likigawanywa nusu kwa nusu, nukta moja hutiwa katikati. Sauti ikiendelea kushikwa, kistari huandikwa mahali pa herufi. Hivyo msomaji haambiwi mwanzoni kwamba mapigo ni manne. Anayaona mwenyewe karatasini yamepangwa kama makafi ubavuni mwa mtumbwi.

Hii ndiyo elimu aliyokuwa nayo Sontonga alipopelekwa kufundisha katika shule ya Wamethodisti pale Nancefield, karibu na Johannesburg. Alifanya kazi huko karibu miaka minane. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, nao wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Alikuwa pia mpiga picha kwa kupenda, na mhubiri asiye na daraja ya uchungaji. Lakini kazi aliyoipenda kupita zote ilikuwa kuwatungia wanafunzi wake nyimbo. Aliziandika kwa mkono wake katika daftari la shule, kwa solfa.

Tusisahau Johannesburg ilikuwa mahali pa namna gani siku zile. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1886, na maelfu ya wanaume walikuja kutoka pande zote za kusini mwa Afrika kuifanya kazi ya machimbo. Walikuwa watu wa makabila mengi, wasioelewana lugha, waliotengana na wake zao na watoto wao, wakitawaliwa na sheria za kuwadharau. Walioyajua matungo ya Sontonga wameshuhudia kwamba mengi yalikuwa ya huzuni, kwa sababu aliandika yale aliyoyaona.

Mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 24 hivi, alitunga wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Maneno yake yalikuwa ubeti mmoja na kiitikio, kwa Kixhosa, na muziki wake ulipangwa kwa sauti nne. Ni wimbo wa mapigo manne. Wala hatuoni ajabu kwamba mapigo manne yaliufaa. Mtu ana miguu miwili, na hatua mbili mara mbili ni nne. Umati wa watu waliosimama, hata wasiofundishwa muziki, hushika mapigo hayo bila shida. Sauti za wimbo huo hazirukaruki, na misemo yake hurudiwarudiwa, basi aliyeusikia mara mbili tatu aweza kujiunga nao.

Kuna sababu nyingine ambayo mtunzi yeyote wa nyimbo za Kiswahili atafanya vema kuifikiri. Kixhosa na Kiswahili ni ndugu katika ukoo wa lugha za Kibantu, na katika zote mbili uzito wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema Mungu kwa kukazia mwanzo, twasema Mwokozi kwa kukazia katikati. Mtunzi akiiweka silabi hiyo juu ya pigo zito, neno hutoka kinywani kama lisemwavyo nyumbani. Akiiweka juu ya pigo jepesi, neno huvunjika mfupa. Mara ngapi tumeimba kanisani nyimbo zilizofasiriwa kutoka lugha za Ulaya, ambamo maneno yetu yamelazimishwa kuvaa viatu vya mtu mwingine! Kosa si la tuni wala si la lugha. Aliyefasiri alihesabu silabi, asihesabu mapigo.

Wimbo wa Sontonga uliimbwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji mmoja wa Kimethodisti aitwaye Boweni. Kwaya yake ilizunguka huku na huku ikiimba, na watu wakaupenda. Lakini mwenyewe hakujaliwa kuyaona matunda. Tarehe 18 Aprili 1905 alifariki kwa ugonjwa wa tumbo, akazikwa katika makaburi ya Braamfontein, sehemu iliyotengwa kwa Wakristo Waafrika. Baada ya kifo chake viongozi wa kwaya walikuwa wakimwendea mjane wake kuazima nyimbo. Daftari lile likapotea, na nyimbo nyingi alizozitunga zikapotea pamoja nalo.

Huu mmoja ulinusurika kwa sababu ulikuwa umekwisha kunakiliwa na kuingia katika kwaya nyingine. Kwaya ya shule ya Ohlange huko Natal, iliyoanzishwa na John Dube, iliuimba na kuueneza. Tarehe 8 Januari 1912 mjini Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress, uliimbwa baada ya sala ya kufunga. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje aliuimba London ukatiwa katika sahani ya santuri. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti saba. Kutoka hapo ulivuka mipaka. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, tuni hiyo yenye maneno ya Kiswahili ikawa wimbo wa taifa letu, nasi twaujua kwa jina la Mungu Ibariki Afrika. Tarehe 24 Oktoba 1964 Zambia nayo ilipata uhuru, ikaitwaa tuni hiyo. Na Afrika ya Kusini yenyewe ilipotoka katika utawala wa ubaguzi mwaka 1994, wimbo wa mwalimu wa Nancefield ulipewa heshima ya wimbo wa taifa katika nchi aliyozaliwa.

Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyejua kaburi lake liko wapi. Ilipotafutwa orodha ya makaburi, alionekana ameandikwa kwa jina la Enoch tu, bila jina la ukoo, kana kwamba hakuwa na baba. Tarehe 24 Septemba 1996 mahali hapo palitangazwa kuwa ukumbusho wa taifa, na Rais Nelson Mandela akafunua mnara wa heshima. Mwalimu alikuwa amelala hapo kwa miaka 91.

Maisha haya yatufundisha nini sisi tukaao kando ya Ziwa Tanganyika na mahali pengine katika nchi yetu? Kwanza, yatufundisha thamani ya kushika kipimo. Tusikilize kwaya zetu. Mara nyingi kosa lao si sauti mbaya, maana Mungu ametujalia sauti. Kosa lao ni nota ndefu. Inapofika sauti ya kushikwa kwa mapigo matatu, wengine huiacha baada ya mapigo mawili na kurukia neno linalofuata, wengine huikokota mpaka pigo la nne, na mwalimu hulazimika kugonga meza. Kistari kile cha solfa, ambacho wengi hukiona kama pengo tupu, ni pigo kamili lenye haki yake. Anayelikata anamnyang'anya jirani yake pumzi.

Pili, tusikubali fikira kwamba vipimo vilivyoandikwa ni vya Wazungu tu, na kwamba ngoma zetu haziandikiki. Ni kweli kwamba mapigo manne hayatoshi kwa nyimbo zetu zote. Ngoma nyingi za Afrika hushika mbili na tatu kwa wakati mmoja, mkono huu ukihesabu hivi na mkono ule vile. Lakini hata hilo lina mlango wake katika maandishi. Kipimo cha 3/4 na kipimo cha 6/8 vyote vina nota sita za thumni, ila cha kwanza huzifunga mbilimbili katika mafungu matatu, na cha pili huzifunga tatutatu katika mafungu mawili. Mpiga ngoma stadi huvuka kutoka fungu hili kwenda lile bila kufikiri. Kijana aliyejifunza kusoma alama hizo ataweza kuandika kile ambacho babu yake aliweza kukipiga tu. Na pale maandishi yanapopungukiwa, atajua yamepungukiwa wapi.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, wimbo usioandikwa hukaa mikononi mwa bahati. Mwambao wetu una nyimbo za wapiga makafi, za wavuvi wa dagaa watokao usiku na taa zao, za akina mama wakianika samaki mchangani, za harusi za Ujiji na za mavuno ya milima ya Buha. Siku hizi mashine hunasa sauti kwa urahisi, na ni jambo jema. Lakini wimbo ulionaswa husikilizwa. Wimbo ulioandikwa huweza kuimbwa na watu wengine, kila mmoja akijua aingie wapi na anyamaze wapi. Mwimbaji mmoja hahitaji kuandikiwa kipimo. Wanaokihitaji ni watu wengi, hasa wasiojuana, wanaotaka kutoa sauti moja.

Kwa hiyo twawaomba wazazi wasione ni kupoteza wakati mtoto anapoketi jioni akihesabu moja, mbili, tatu, nne kwa kidole juu ya meza. Twawaomba walimu wa kwaya wasiwafundishe waimbaji kwa kukariri peke yake, bali wawafungulie maana ya tarakimu na nukta walizo nazo mbele ya macho yao. Na kijana mwenye kipaji cha kutunga, asingoje kinanda wala chuo. Mwalimu wa Nancefield alikuwa na daftari, penseli, na hesabu ya mapigo manne. Daftari lake lilipotea kwa kuwa lilikuwa moja tu. Basi kijana wetu naye aandike, kisha ampe mwenzake anakili.